Dokta Williamson wa Mwadui na almasi yenye rangi ya waridi

Juzi tulipozungumzia madini kwenye kipindi cha jioni, msikilizaji wetu mmoja wa Nduruma alitutumia ujumbe wa simu wenye swali lililotushinda kulijibu hewani. Kama almasi ni jiwe jeupe linalong'aa, aliuliza, inakuwaje almasi maarufu kuliko zote iliyotoka Tanzania ikawa ya pinki? Ilipakwa rangi? Tuliahidi kurudi na jibu. Tulipoanza kulitafuta tukakuta halitengani na maisha ya mtu aliyeitoa, kwa hiyo tumeona tuanze na yeye.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisomea miamba katika Chuo Kikuu cha McGill akapata shahada ya udaktari mwaka 1933. Ndiyo maana hadi leo, ukifika Shinyanga, wazee humtaja kama Dokta ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Alikuja Afrika akiwa mwajiriwa, kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Tanganyika, kwenye kampuni iliyochimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Almasi za Kanda ya Ziwa hazikuwa habari mpya wakati huo. Zilikuwa zimeokotwa tangu enzi za Wajerumani, lakini chache chache na kwenye changarawe. Wataalamu wengi waliona kwamba hapakuwa na kitu kikubwa cha kugharamia, na kampuni ikakata tamaa. Williamson alibaki. Hoja yake ilikuwa rahisi: jiwe lililookotwa kwenye changarawe limetoka mahali, na mahali hapo lazima pawepo.

Msikilizaji anayeishi chini ya Mlima Meru ataelewa haraka alichokuwa akikitafuta. Meru ni volkano, na mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Almasi nazo hupandishwa na mlipuko wa aina ya volkano, ila chanzo chake ni kirefu mno. Hutengenezwa kilomita 150 na zaidi chini ya ardhi, mahali penye joto kali na mgandamizo mkubwa, kisha huletwa juu na mwamba ulioyeyuka unaoitwa kimbalaiti. Mwamba huo ukipoa huacha kitu kama bomba au faneli iliyojaa mawe. Anayetafuta almasi kwa kweli hutafuta bomba hilo, na dalili zake ni vijiwe vidogo visivyo na bei, kama ganeti na chembe nyeusi za ilmenaiti, vinavyosambaa kuanzia pale bomba lilipo. Kazi ni kuosha mchanga, kuhesabu chembe, kusogea, na kuosha tena.

Williamson aliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, mara nyingi akiwa hana fedha na akisumbuliwa na malaria. Aliyemwokoa alikuwa wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, ambaye alimpa mtaji kwa makubaliano ya kupata hisa. Tunamtaja makusudi kwa sababu simulizi nyingi humsahau. Bila fedha za Chopra huenda tusingekuwa na habari hii ya kuandika.

Machi 1940 bomba likapatikana Mwadui, kaskazini mashariki mwa mji wa Shinyanga, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kishapu. Iko hadithi ya gari lililokwama kwenye tope karibu na mbuyu, na Dokta aliyeinama kuchimba magurudumu akaona jiwe linameremeta. Ni hadithi tamu na kila mtu wa Mwadui ana namna yake ya kuisimulia. Sisi tunaamini zaidi ile miaka ya kuosha mchanga. Bomba lenyewe lina ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi, yaani shamba la ekari 360 hivi, na ni miongoni mwa mabomba makubwa kabisa ya almasi yaliyowahi kuchimbwa duniani.

Huko Ulaya vita vilikuwa vimeanza, na viwanda vya silaha vilihitaji almasi za kukatia vyuma. Mwadui ikakua haraka ikawa mji, wenye hospitali, shule, maduka, umeme wake na uwanja wa ndege. Maelfu ya watu waliajiriwa, wengi wao Wasukuma wa vijiji vya jirani. Williamson hakuoa. Aliishi humo humo mgodini, akajifungia na vitabu, akawa tajiri wa kutajwa duniani huku akiwakwepa wageni. Alikuwa mgumu pia. Wakati soko la almasi duniani lilishikwa na De Beers, yeye alibishana nao juu ya bei, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuna kipindi alizikalia almasi zake akakataa kuwauzia mpaka walipokubaliana.

Oktoba 1947 ndipo likaokotwa jiwe la waridi, au la pinki kama tunavyosema mtaani. Lilikuwa na karati 54.5. Karati tano ni gramu moja, kwa hiyo jiwe zima halikufika hata gramu 11, ungeweza kulifumba kwenye kiganja cha mtoto. Mwezi uliofuata binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa, na Williamson akaamua kumpa jiwe hilo kama zawadi ya harusi. Mafundi wa London walilikata mwaka 1948, likabaki karati 23.60. Zaidi ya nusu ya uzito ilipotea kwenye ukataji, na hiyo ni kawaida ya kazi yenyewe. Mwaka 1953 Cartier walilifanya kuwa kiini cha ua, pambo la kubandika kifuani, petali na majani yake vikiwa almasi nyingine nyeupe. Malkia alilivaa kwa miongo mingi, na mwaka 1981 alikuwa nalo kifuani kwenye harusi ya mwanawe Charles na Diana.

Sasa turudi kwenye rangi, maana hapo ndipo msikilizaji wetu alipotubana.

Sisi wa Arusha tumezoea mawe ya rangi. Rubi ya Longido ni nyekundu kwa sababu ndani yake imo kromiamu kidogo. Tanzaniti ya Mirerani ina vanadiamu, na nyingi hutoka shimoni ikiwa ya kahawia, huchomwa ndipo ule ubuluu unajitokeza. Kwa hiyo tunafikiri kila jiwe lenye rangi lina kitu fulani kilichochanganyika nalo. Kwa almasi hiyo ni kweli kwa baadhi tu.

Almasi safi ni kaboni tupu, kaboni ile ile iliyo kwenye makaa ya jikoni na kwenye ncha ya penseli, ila imepangwa na kushikana kwa namna nyingine kabisa. Ikiwa safi na imepangika vizuri, mwanga hupita bila kuzuiwa, nasi tunaiona haina rangi. Ikiingiliwa na naitrojeni, ambayo wakulima mnaijua kwenye mfuko wa urea, huwa ya manjano. Manjano hafifu hushusha bei ya almasi, lakini manjano iliyokolea vizuri huipandisha, na wapo waliouza kwa hasara kwa kutolijua hilo. Ikiingiwa na boroni, ile ambayo wakulima wa kahawa hunyunyizia majani, hata kwa kiasi kidogo mno, huwa ya buluu. Ya kijani mara nyingi ilikaa mamilioni ya miaka karibu na madini yenye mionzi, kama urani, na mionzi hiyo ikazing'oa baadhi ya atomu za kaboni kutoka mahali pake. Nyeusi hujaa chembe ndogo ndogo za vitu vingine, hasa ile kaboni ya penseli.

Ya waridi haimo kwenye kundi la kuchanganyika na kitu. Ukiipima hukuti rangi iliyoingia. Kilichotokea ni kwamba jiwe, likiwa bado huko chini, lilisukumwa na kukunjwa na nguvu ya ardhi bila kuvunjika. Safu za atomu zikateleza, zikapinda, na mahali zilipopinda zikaanza kumeza sehemu ya mwanga na kuachia waridi. Chukua khanga iliyopigwa pasi, ikunje kwa nguvu kisha ifungue: ile mistari ya mikunjo ndiyo inayofanana na kilicho ndani ya jiwe. Chini ya hadubini, mawe mengi ya waridi huonyesha rangi ikiwa imekaa kwa mistari, haikuenea kote. Wanasayansi wanakubaliana juu ya mkunjo huo, ingawa bado wanachunguza ni kitu gani hasa katika mkunjo kinachomeza mwanga. Almasi za kahawia nazo nyingi zilikunjwa vivyo hivyo, zikaishia kuwa za bei ndogo. Waridi huwa adimu kwa sababu mkunjo unatakiwa uwe wa kiasi chake. Mgodi wa Argyle kule Australia, uliokuwa ukitoa zaidi ya asilimia 90 ya almasi za waridi duniani, ulifungwa mwaka 2020.

Kwa hiyo jibu fupi kwa msikilizaji wa Nduruma ni hapana, ile ya Mwadui haikupakwa chochote. Lakini swali lake si la kijinga hata kidogo. Siku hizi almasi ya bei ndogo inaweza kupigwa mionzi na kuchomwa ikapata rangi ya kuvutia, na jicho la kawaida halitatofautisha. Anayeletewa jiwe la rangi barazani, na muuzaji ana haraka, asilipe kwanza. Mjini Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, na jiwe linapimwa kwa vyombo.

Williamson alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50 tu, akazikwa Mwadui. Mwaka huo huo ndugu zake waliorithi mgodi waliuuza kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu, na baadaye serikali ya Tanzania huru ikautaifisha. Jina lake limeendelea kuitwa kwenye mgodi hadi leo.

Tumejadiliana ofisini kuhusu ile zawadi, na hatukukubaliana wote. Wapo kati yetu wanaosema jiwe lilikuwa mali yake kwa leseni halali, naye alikuwa huru kumpa amtakaye. Wengine tunakumbuka kwamba Tanganyika ya 1947 ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza, na wananchi hawakuwa na pa kusemea. Aliyetoa alikuwa Mkanada, aliyepokea alikuwa Mwingereza, na Msukuma aliyeosha changarawe hayumo kwenye orodha ya wageni wa harusi. Mwandishi wa makala haya yuko upande huo wa pili.

Mwadui haijaacha kutoa waridi. Mwaka 2021 jiwe ghafi la karati 32.32 kutoka mgodi huo liliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8. Lilikatwa nje ya nchi, likatoka jiwe moja safi la karati 11.15, uzito wa gramu mbili na ushee. Oktoba 2022, mwezi mmoja baada ya Malkia Elizabeth kufariki, jiwe hilo lilinadiwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Waliolipa jina waliliita Williamson Pink Star, nusu ya jina ikiwa ya Dokta wetu wa Mwadui.