Peter Cameron Scott: Maisha na Ukoo wa Mtu Ambaye Hakufika Litein

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Miongoni mwa Wakipsigis, asili ya mtu hutafutwa tangu siku za mwanzo za uhai wake. Kwa desturi, kina mama wazee huyataja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, mbele ya mtoto mchanga. Mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, watu hufurahi, kwa kuwa marehemu huyo amekubali kurejea nyumbani. Kwa njia hiyo aliyekufa huendelea kuitwa, na aliyezaliwa hupata pa kuanzia.

Mwandishi wa makala hii alilelewa Litein, mji uliozungukwa na majani chai katika eneo la Bureti, baina ya Kericho na Bomet. Hapo pana kanisa na hospitali ya Africa Inland Church, na waumini wake wakiulizwa asili ya kanisa lao humtaja mtu mmoja: Peter Cameron Scott. Ajabu ni kwamba mtu huyo hakuwahi kuitia machoni nchi ya Wakipsigis. Aliishi katika ardhi ambayo leo ni Kenya kwa takriban miezi 14 tu, akafariki akiwa na umri wa miaka 29. Hakuacha mtoto wa kumrithi.

Makala hii inanuia kuyafuatilia maisha ya Scott pamoja na ukoo wake, na kuuliza swali moja: je, ukoo wa mtu kama huyu tuuhesabu vipi? Swali hili linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alituonyesha kwamba wasifu ni utanzu wenye hadhi kamili katika fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, maisha ya wamisionari yamezoea kuandikwa kwa namna mbili pekee, ama sifa tupu ama lawama tupu. Namna zote mbili humwacha mhusika bila jamaa, bila njaa na bila homa. Hapa tutajaribu njia ya tatu.

Asili na Kuhama

Scott alizaliwa mwaka wa 1867 jijini Glasgow, Uskoti. Uskoti wa wakati huo ulikuwa umekolea mafundisho ya John Calvin yaliyoletwa na John Knox katika karne ya 16, nayo ni mafundisho yaleyale yaliyowalea Wapuritani wa Uingereza. Ulikuwa utamaduni wa kusoma Biblia nyumbani, kuitunza Jumapili, kuichukia anasa na kuamini kwamba kila mtu ana wito atakaoulizwa siku ya mwisho.

Mwaka wa 1879, familia ilivuka bahari na kuhamia Philadelphia, Marekani. Uhamaji huu unakumbusha ule wa Wapuritani walioanza kwenda Marekani zaidi ya karne mbili kabla yake. Ikumbukwe kwamba kati ya abiria 102 hivi waliosafiri kwa merikebu ya Mayflower mwaka wa 1620, takriban nusu walikufa katika kipindi cha kwanza cha baridi. Walikwenda jamaa nzima nzima, wakazika jamaa nusu nusu. Tutaona kwamba ukoo wa Scott nao ulipitia njia ya aina hiyo, ila wao walielekea Afrika.

Masimulizi yaliyohifadhiwa na misheni yake yanaeleza kwamba kijana Peter alijaliwa sauti nzuri ya kuimba, na akatamani kuwa mwimbaji wa jukwaani. Wazazi wake hawakuridhia, kwani kwao jukwaa lilikuwa mlango wa anasa. Inasimuliwa kwamba alifika hata kwenye ngazi za ukumbi, akasimama, akashindana na nafsi yake, kisha akageuka na kurudi. Baadaye alijiunga na chuo cha wamisionari cha A. B. Simpson mjini New York.

Kaburi la Kongo

Mwaka wa 1890, akiwa na umri wa miaka 23, Scott alitumwa Kongo. Haikupita muda mrefu ndugu yake, John, akamfuata. Kwa muda mfupi ndugu wawili wa tumbo moja wakawa katika kazi moja. Kisha homa ikamchukua John. Peter ndiye aliyetengeneza jeneza na ndiye aliyechimba kaburi kwa mikono yake. Msomaji na atafakari hali ya kijana huyo: yuko mbali na wazazi, mbele yake pana ndugu wa kuzikwa, na hakuna wa kushikana naye mkono.

Naye pia aliugua, na mwaka wa 1892 ikambidi aondoke Kongo. Akiwa London alikwenda katika kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa David Livingstone mwaka wa 1874. Juu ya jiwe la kaburi hilo pameandikwa maneno ya Injili ya Yohana kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi hili. Inasemekana kwamba hapo ndipo alipoamua kurudi Afrika, na safari hii kwa upande wa mashariki. Hivyo basi, wito wa Scott ulikuwa umepita katikati ya makaburi mawili: la ndugu yake, lisilojulikana na watu, na la Livingstone, linalojulikana na dunia nzima.

Wazo lililomjia halikuwa jipya. Alikusudia kujenga mlolongo wa vituo kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi kuelekea Ziwa Chad. Miaka 50 kabla yake, Johann Ludwig Krapf, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa sarufi yake ya 1850 na kamusi yake ya 1882, aliota ndoto kama hiyo ya kuivuka Afrika kwa vituo. Krapf naye alianza kwa mazishi: mkewe Rosine na binti yao mchanga walifariki Mombasa mnamo Julai 1844, miezi michache tu baada ya kuwasili.

Miezi 14 ya Ukambani

Mwaka wa 1895, Scott alianzisha Africa Inland Mission mjini Philadelphia. Mnamo Oktoba mwaka huohuo aliwasili Mombasa na kundi dogo la watu wasiozidi kumi, miongoni mwao dada yake Margaret. Wakati waliouchagua una maana. Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 1895, na ujenzi wa reli ya kwenda Uganda ulianza mwaka uliofuata. Scott hakutumwa na serikali, wala hakuja kutafuta shamba. Hata hivyo, njia aliyoipita ndiyo waliyoipita maafisa, wanajeshi na baadaye walowezi.

Kutoka Mombasa walisafiri kwa miguu pamoja na wapagazi. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya misafara hiyo. Ndicho kilichoamuru mzigo ubebwe, maji yatafutwe na kambi ipigwe. Mnamo Desemba 1895 walifika Nzaui, mahali penye mlima wa mwamba katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni, wakajenga kituo chao cha kwanza. Katika mwaka uliofuata waliongeza vituo vingine vya Ukambani, na Scott akawa mtu wa njiani kila siku. Inakadiriwa kwamba katika mwaka huo mmoja alitembea takriban kilomita 4,000.

Mwaka wa 1896, wazazi wake pamoja na dada yake mwingine, Ina, waliwasili. Hapa ndipo tunapouona ukoo huu kwa ukamilifu. Baba na mama waliokuwa wamehama Uskoti wakiwa na watoto wadogo sasa walihama Marekani wakiwa watu wazima, wakawafuata watoto wao. Walikwisha kumtoa John kwa Kongo. Bila shaka waliposhuka Mombasa walijua kwamba ardhi hii haina simile.

Homa ilimpata Peter mwishoni mwa mwaka huo. Alifariki tarehe 4 Desemba 1896, mwaka mmoja hivi tangu kufika Nzaui. Wazazi waliovuka bahari kuja kumsaidia mwana wakawa wamekuja kumzika. Mwandishi wa makala haya anakaribia umri huo wa Scott, na hukiri kwamba kila anapofika hapa kalamu humwia nzito.

Waliobaki

Misheni ilikaribia kufa pamoja na mwanzilishi wake. Baadhi ya wenzake walifariki, wengine wakaondoka. Wakati huohuo Ukambani palishuka njaa kuu ya miaka ya 1898 na 1899, iliyoandamana na ndui. Kufikia mwaka wa 1899, katika kundi lile la kwanza alikuwa amebaki mtu mmoja tu, Willis Hotchkiss.

Huyu Hotchkiss ndiye kiungo kati ya Nzaui na nchi yetu. Baadaye aliachana na Africa Inland Mission, na mwaka wa 1902 alishirikiana na Arthur Chilson na Edgar Hole kuanzisha misheni ya Wakweka huko Kaimosi. Kisha akahamia nchi ya Wakipsigis, ambao wakoloni waliwaita Walumbwa, akaanzisha misheni iliyofundisha dini pamoja na kazi za mikono. Kwa hiyo, ingawa Scott mwenyewe hakufika, mmoja wa wale alioongozana nao kutoka Mombasa alifika.

Africa Inland Mission nayo ilifufuka chini ya Charles Hurlburt, ikafanya Kijabe makao yake makuu mwaka wa 1903, kando ya reli. Kutoka huko ilienea hadi Bonde la Ufa, na katika miaka ya 1920 ilikuwa imefika Litein, ambako huduma ya matibabu ilianza kwa zahanati.

Ukoo Usio wa Damu

Ni lazima tuseme yaliyokuwa yakitendeka Kericho katika miaka hiyohiyo. Ardhi ya Wakipsigis ilikuwa imetwaliwa na kupewa walowezi, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalianza kupanda mashamba yanayoonekana hadi leo. Mwaka wa 1934, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu jamaa wa ukoo wa Talai na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwa kuwa iliwahofia viongozi wao. Hivyo zahanati na shamba la chai vilifika katika kizazi kimoja. Bibi aliyepata dawa ya mtoto wake huenda ndiye aliyepoteza malisho ya ng'ombe wake. Mwandishi wa wasifu akitaja moja na kulificha jingine, atakuwa ameandika nusu ya maisha.

Aidha, yapo majina yasiyotajwa. Kilomita zile ambazo Scott alitembea, wapagazi walizitembea pia, wakiwa na mizigo vichwani. Wakamba wa Nzaui walimpa mahali pa kujenga na wakamfundisha lugha. Biblia kamili ya Kinandi, ambayo Wakipsigis nao waliisoma, ilitoka mwaka wa 1939 kwa jasho la wamisionari na la wenyeji waliojua lipi ni neno na lipi si neno. Ukoo wa Scott hauwezi kukamilika bila hawa. Ikiwa ukoo ni watu wanaobebana, basi wao ndio ndugu zake wa karibu zaidi katika nchi hii.

Jina lake limehifadhiwa katika chuo cha theolojia kilichoanzishwa karibu na Machakos mwaka wa 1962 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu mwaka wa 1997. Hiyo ni heshima ya kutosha kwa mtu aliyeishi humu miezi 14.

Hitimisho

Tumeona kwamba Peter Cameron Scott alitoka katika ukoo wa wahamiaji, ukoo ulioamini kwamba imani hutembea kwa miguu, na ulioilipia imani hiyo kwa wana wawili: mmoja Kongo, mwingine Ukambani. Tumeona pia kwamba alipita katika njia ya dola bila kuwa mtumishi wa dola, na kwamba matunda ya kazi yake yalikomaa karibu na matunda ya unyang'anyi ambao si yeye aliyeutenda. Kumtukuza bila kuutaja unyang'anyi huo ni kuwasahau wazee wetu. Kumlaumu bila kuyataja makaburi yale mawili ni kumsahau mama yake.

Inapendekezwa, basi, kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka katika maeneo kama Litein wawaendee wazee wa makanisa na wa vijiji kabla hawajatutoka, wakusanye majina ya wapagazi, wafasiri, wapishi na walimu wa kwanza, na kuyaandika kwa Kiswahili. Majina hayo yatajwe moja baada ya jingine, kama kina mama wazee wanavyoyataja mbele ya mtoto mchanga. Huenda kizazi hiki kikasikia jina lake na kupiga chafya.