Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania aliyeifundisha mashine akili ya shofere

Kwenye njia ya kupanda Minembwe, shofere hapimi shimo kwa mita. Anaona shimo hili ni kubwa kidogo, mwendo nao umezidi, basi anapunguza polepole. Hesabu hakuna, na gari linafika. Ebrahim Mamdani ndiye aliyefanya mashine nayo ifuate maneno ya kukadiria namna hiyo.

Alizaliwa mwaka 1942 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akasoma India, kisha mwaka 1966 akaenda Uingereza. Alipata udaktari Queen Mary College, London, akabaki pale pale kufundisha uhandisi wa umeme.

Wakati ule wahandisi walitaka kila mashine iandikwe kwanza kwa hesabu kali. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, alikuwa ameleta mantiki fuzi: kitu kinaweza kuwa moto kwa kiasi fulani, siyo moto au baridi tu. Wengi walimpinga. Mamdani aliposoma andiko la Zadeh la 1973, alimpa mwanafunzi wake Seto Assilian kazi ya kulijaribu kwenye injini ndogo ya mvuke.

Injini ile ilikuwa jeuri. Ukirekebisha mwendo, presha inaharibika. Ukirekebisha presha, mwendo unaharibika. Basi wakaandika sheria kama fundi anavyomwelekeza msaidizi: presha ikiwa chini sana na haipandi, ongeza moto mwingi, ikikaribia pazuri, ongeza kidogo tu. Kompyuta ilizipima sheria zote, kila moja kwa uzito wake, ikatoa amri moja. Na kumbe ikafanya kazi! Andiko lao la 1975 likajulikana duniani. Baadaye njia hiyo iliingia kwenye tanuru za saruji Denmark, na mwaka 1987 mantiki fuzi ikaendesha treni za mji wa Sendai, Japani.

Na gari je? Amortisere ya kawaida, ile Watanzania wanaita shokapu, ina ugumu mmoja. Ikiwa laini, gari linayumba kwenye kona; ikiwa ngumu, aliyekaa nyuma anaumia mgongo. Amortisere za kujirekebisha hubadili ugumu wakati gari linatembea, kwa mfano kwa kubana au kufungua njia ya mafuta ndani yake. Anayeamua ni kompyuta: bodi ikipanda kwa kasi huku ikiachana na gurudumu, kaza, gurudumu likigonga jiwe na bodi imetulia, legeza. Watafiti wengi wa amortisere hizo wanatumia njia ambayo hadi leo inaitwa Mamdani. Huku kwetu, tuseme ukweli, kompyuta bado ni shofere mwenyewe.

Mwaka 1995 alihamia Imperial College, hapo hapo London, akashughulika na mawasiliano ya simu na programu za kompyuta. Alifariki Januari 2010, akiwa na miaka 67.