Solomon Linda na Wenzake Watano

Ndugu Mhariri aliponiandikia kuniomba nitoe maisha ya mtu mashuhuri kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, hapana shaka alitazamia nitamletea rais au jemadari. Hao wenzangu wamekwisha kuwaandika katika matoleo yaliyopita, tena vizuri. Mimi nimemchagua mfungasha santuri wa Johannesburg, kwa sababu nina deni kwake, na baadhi yenu mnaosoma ukurasa huu mnalo deni hilo hilo.

Waliokuwapo shuleni mwaka 1998 wataikumbuka Siku ya Wazazi ya mwaka ule. Wavulana sita wa bweni letu tulisimama mbele ya bwalo, mashati meupe yamefungwa hadi kifungo cha juu, bila ala yoyote, tukauimba ule wimbo wa simba alalaye mwituni. Tulikuwa tumeupata katika kanda ya video ya filamu ya katuni ya The Lion King, ambayo mmoja wetu aliirudia kuitazama likizo nzima mpaka akashika sauti zote nne. Wazazi walishangilia, na tukarudishwa kuimba mara ya pili. Ratiba ya siku hiyo niliichapa mimi mwenyewe kwa mashine ya taipu, na mbele ya jina la kikundi chetu nikaandika kwamba tutaimba wimbo wa Kimarekani. Hakuna aliyebisha, kwa maana hakuna aliyejua.

Ndugu zangu, wimbo ule si wa Kimarekani. Ni wa Afrika Kusini, jina lake la asili ni Mbube, yaani simba kwa Kizulu, na aliyeutunga ni Solomon Linda.

Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, upande wa Msinga katika Natal. Alipokuwa mtoto wa miaka minne serikali ya Wazungu ilipitisha Sheria ya Ardhi ya 1913, iliyowabana Waafrika katika sehemu ndogo mno ya nchi yao wenyewe. Msinga ilikuwa mojawapo ya sehemu hizo: vilima vikavu, watu wengi, malisho haba. Kijana wa huko alichunga ng'ombe, na alipopata nguvu za mwili alikwenda kutafuta kazi kwa Mzungu, kwa kuwa kodi haikusubiri. Linda alipata bahati ya kusoma kidogo katika shule ya misheni ya Gordon Memorial, na huko akasikia uimbaji wa kwaya wa sauti nne. Kulikuwa na mkondo mwingine pia. Katika miaka ya 1890 kikundi cha Wamarekani weusi kilichoongozwa na Orpheus McAdoo kilizunguka Afrika Kusini kikiimba, na mitindo yake ikabaki midomoni mwa watu muda mrefu baada ya wenyewe kuondoka. Vijana wa Natal walivichanganya vyote hivyo na nyimbo zao za harusi.

Mwaka 1931 akaenda Johannesburg. Kazi ya kwanza aliipata katika duka la samani, na jioni akawa anaimba katika kikundi cha wajomba zake kilichoitwa Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni. Kikundi hicho kilivunjika mwaka 1933. Linda akahamia kazi ya Hoteli ya Carlton, akaunda kikundi chake mwenyewe, na jina la zamani akalichukua. Yafaa niwataje wote, maana mara nyingi wakumbukwapo watu huishia kwa mmoja: Solomon Linda sauti ya kwanza, Gilbert Madondo sauti ya pili, Boy Sibiya sauti ya tatu, na Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane besi. Wote walikuwa vijana wa kwao, Pomeroy.

Wale tuliowahi kuimba tutaona mara moja jambo la ajabu katika mpangilio huo. Besi ni watatu na sauti nyingine ni mtu mmoja mmoja. Linda alitaka sakafu nzito chini ili yeye aweze kuruka juu, kwa sauti nyembamba ambayo mgeni angeidhania ya mwanamke. Mtindo huo wa besi nyingi waimbaji wengine waliuiga baadaye. Sisi mwaka 1998 tulikuwa na besi watatu bila kujua kwamba tunamfuata mtu. Tulifanya hivyo kwa sababu watatu kati yetu hawakuweza kuimba kitu kingine.

Hawa hawakuwa wanamuziki wa kazi. Walikuwa vibarua na watumishi wa hoteli na maduka, na wengi wa wenzao waliishi katika mabweni ya wafanyakazi, wanaume watupu, wake na watoto wako mbali mashambani. Jumamosi usiku ndiyo ilikuwa yao. Vikundi vilikutana katika kumbi na kushindana usiku kucha hadi kunapambazuka, kila kikundi na nguo zake za sare. Evening Birds walivaa suti za mistari, kofia za duara na viatu vya rangi mbili, na fedha ya vitu hivyo ilitoka katika mishahara ile ile ya kibarua. Na mwamuzi? Mara nyingi alikuwa Mzungu yeyote aliyeokotwa barabarani usiku huo, asiyejua neno la Kizulu, ili isije ikasemwa kwamba amependelea watu wa kwao. Nikikumbuka mashindano ya mabweni yetu, na kelele zilizopigwa kila matokeo yaliposomwa, naona utaratibu huo haukuwa wa kipumbavu hata kidogo.

Mwaka 1938 Linda alipata kazi katika kiwanda cha kampuni ya santuri ya Gallo, akifungasha santuri. Mwaka uliofuata Griffith Motsieloa, aliyekuwa mtafuta vipaji wa kampuni hiyo, aliwaingiza Evening Birds studio. Walirekodi nyimbo kadhaa, na mojawapo ilikuwa Mbube. Yasemekana ilitokana na mambo ya utotoni, wavulana walipokuwa wakilinda ng'ombe dhidi ya simba. Majaribio mawili ya kwanza hayakufaa. Mara ya tatu, karibu na mwisho, Linda aliyaacha yale waliyofanyia mazoezi, akapanda juu na kutoa tuni ambayo haikuwa imepangwa. Ilikuwa sekunde chache tu, basi. Tuni hiyo ndiyo sasa hata mtoto wa chekechea huipiga mbinja, Tokyo hata Tanga.

Santuri hiyo iliuzwa sana Afrika Kusini, nakala zipatazo 100,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1940, na Linda akawa mtu mwenye jina mjini. Uimbaji wa aina hiyo wenyewe ukaitwa mbube, kabla jina la isicathamiya halijaenea. Lakini haki za wimbo aliziachia kampuni kwa shilingi 10. Naomba msomaji asiipite hesabu hii haraka. Mimi nimefanya kazi serikalini karibu miaka ishirini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwaonyesha watu mahali pa kutia sahihi. Nimeona wazee wakitia sahihi karatasi za lugha wasiyoisoma, wakiamini kwamba mwenye kalamu ndiye ajuaye. Sidhani kama mtu alimtolea Linda bastola. Nadhani alipewa kalamu tu, akashukuru.

Yaliyofuata alikuwa hayajui. Karibu na mwaka 1949 santuri yake ilifika New York, mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, naye akampa rafiki yake Pete Seeger. Seeger aliyaandika aliyoyasikia, na neno la Kizulu likageuka masikioni mwake likawa Wimoweh. Kikundi chake, The Weavers, kilitoa wimbo kwa jina hilo, ukavuma Marekani mapema mwaka 1952. Katika karatasi za haki mtunzi aliandikwa kuwa Paul Campbell. Paul Campbell hakuwa mtu. Lilikuwa jina la bandia lililotumika kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa za mapokeo, zisizo na mwenyewe. Seeger, kwa haki yake, alipotambua kwamba mwenyewe yupo alitaka alipwe, na dola 1,000 zilipelekwa. Kisha mwaka 1961 George David Weiss akatia maneno ya Kiingereza, vijana wa The Tokens wakaimba, na mwezi Desemba The Lion Sleeps Tonight ikashika nafasi ya kwanza Marekani.

Desemba hiyo Solomon Linda alikuwa hai. Alikuwa Soweto, na alikuwa mgonjwa. Mwaka 1959 alikuwa ameanguka jukwaani akiimba. Figo zilikuwa zikishindwa kazi. Evening Birds walikwisha kuvunjika zaidi ya miaka kumi nyuma. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1962, akamwacha mjane na watoto wadogo, na fedha za benki zisizomtosha mtu kununua jiwe la kaburi. Jiwe lilikaa miaka 18 kabla ya kuwekwa.

Wanaopenda sheria miongoni mwetu watapendezwa na sehemu ya mwisho. Mwaka 2000 Rian Malan, mwandishi wa Afrika Kusini, alichapisha katika gazeti la Rolling Stone habari ndefu ya wimbo huu, akakadiria kwamba The Lion King peke yake imeuingizia dola milioni 15. Binti za marehemu walikuwa Soweto, hali zao duni. Wakili Owen Dean akafukua sheria ya hakimiliki ya dola ya Kiingereza ya mwaka 1911, iliyokuwa ikitumika Afrika Kusini enzi za Linda. Ndani yake mna kifungu kisemacho kwamba mtunzi hata kama aliuza haki zake, miaka 25 baada ya kufa kwake haki hurudi kwa warithi. Kwa hesabu hiyo, tangu 1987 wimbo ulikuwa wa watoto wa Linda, sahihi au si sahihi. Kesi ilifunguliwa dhidi ya Disney mwaka 2004, na Februari 2006 pande zilipatana: warithi walipwe malimbikizo tangu 1987 pamoja na fungu la mapato ya baadaye, na jina la Linda liandikwe kama mmoja wa watunzi. Ile shilingi 10 ya karatasi za wakoloni ilivunjwa na karatasi nyingine ya wakoloni hao hao. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi ofisini, na kila mara yuko mtu anayeuliza namba ya kifungu.

Sasa turudi kwetu. Kamati imeomba wale sita wa mwaka 1998 tuimbe tena katika chakula cha jioni cha mkutano. Tumebaki watano, maana aliyeshika sauti ya kwanza tulimzika miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Ratiba nimepewa tena mimi, nami nimekwisha kuipeleka kwa mpiga chapa. Mbele ya jina la kikundi chetu imeandikwa: Mbube, umetungwa na Solomon Linda, 1939. Mazoezi ni Ijumaa saa kumi na moja jioni bwaloni, na besi tuko watatu kama zamani. Wa sauti ya kwanza hatujampata; anayejiona anaweza aje, hata kama hakuwa wa bweni letu.