Bibi Salme: Binti wa Sultani Aliyekimbia Macho ya Watu

Kama unakaa Mtopanga, wajua habari zinavyotembea. Asubuhi zimeanzia kwa mama wa mahamri na mbaazi, adhuhuri ziko kwenye steji ya matatu, na kufika magharibi zimeshapita vichochoro vyote na kurudi kwenu zikiwa na mkia na mapembe. Na hakuna habari inayokimbia kuliko ya msichana aliyeonekana ana tumbo. Dera likianza kuvaliwa pana kuliko kawaida, watu wanahesabu miezi kwa vidole. Wengine hata hawasemi kitu. Wanakuangalia tu: usoni, tumboni, halafu usoni tena.

Pengine ni wewe. Pengine ni dadako, au rafiki yako mliyekaa dawati moja. Basi leo wacha nikupe stori ya msichana mwingine wa pwani hii hii, aliyebeba mimba ya aibu machoni pa watu mwaka 1866. Hakuwa mtu wa hivi hivi. Babake, Seyyid Said bin Sultan, ndiye aliyewashinda Wamazrui mwaka 1837 akaitwaa Mombasa na Fort Jesus yake. Mwaka huo wa 1866, Sultani wa Unguja aliyeitawala pwani yetu alikuwa kakake. Jina lake Sayyida Salme binti Said. Ukifikiri pesa na ukoo mkubwa humkinga mtu na midomo ya watu, mfuate huyu mpaka mwisho.

Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, kule Kaukazi. Salme alikulia kati ya ndugu kwa makumi. Alijifunza kupanda farasi, na akajifunza jambo jingine ambalo wasichana wa jumba hawakufundishwa. Wao walisomeshwa kusoma tu; kuandika lilikuwa jambo la wavulana. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kumbuka mkono huo unaoandika, maana utarudi.

Kwanza mkono huo ulimtia mashakani. Babake alifariki baharini mwaka 1856, na mamake akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huo huo ndugu zake waligombania kiti. Barghash alitaka kumpindua Majid, na dada yao Khole akamvuta Salme upande wa Barghash. Kwa kuwa alijua kuandika, msichana wa miaka 15 akawa karani wa njama. Njama ikafeli, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akawapoteza Khole na Barghash. Kwa hivyo alipofika miaka ya ishirini hakuwa na baba wala mama, na ndugu walikuwa wamegawanyika. Alikuwa na mashamba na nyumba, lakini mtu wa kumwambia siri hakuwa naye.

Ndipo akahamia nyumba ya mjini iliyopakana na ya Mjerumani mmoja kijana, Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya biashara kutoka Hamburg. Wajua nyumba za Mji Mkongwe zilivyobanana. Dirisha linatazama dari ya jirani, na sauti ya huku inasikika kule. Wakaonana, wakazoeana, wakapendana. Na mapenzi, kama kikohozi, hayafichiki. Mji ukaanza kunong'ona. Halafu Salme akajikuta ana mimba.

Hebu jiweke mahali pake. Binti wa Sultani, hajaolewa, ana mimba ya mwanamume asiye wa dini yake. Kwa desturi za ukoo ule, jambo kama hilo lingeweza kumgharimu maisha. Tumbo nalo halingoji mtu apange mambo. Jaribio lake la kwanza la kutoroka lilikwama. Fikiria siku zilizofuata: kurudi nyumbani, kukaa mbele ya watumishi, kupokea wageni, na kila anayekutazama unajiuliza kama keshajua.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenzake. Emily Seward, mke wa daktari aliyekuwa akishikilia ubalozi wa Uingereza pale Unguja, alisaidia kupanga safari. Ilikuwa Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Ni desturi ya watu kuteremka pwani kuoga baharini, kwa hivyo wanawake kuonekana ufuoni usiku hakukumshtua mtu. Salme aliteremka kama wengine. Mashua ikamchukua hadi kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, na manowari ikamfikisha Aden. Hakuaga mtu. Alikuwa ndiyo kwanza anafikisha miaka 22.

Sasa tulia hapa kidogo. Mimba ilikuwa ya watu wawili. Mmoja alitoroka usiku akaacha nyumba, mashamba, ndugu na kaburi la mamake. Wa pili alibaki Unguja miezi kadhaa akimalizia shughuli zake za biashara. Simsemi Ruete vibaya. Hakumkana, na mwishowe alimfuata. Lakini angalia mzigo ulivyogawanywa. Hivi leo mtaani kwetu, anayetazamwa juu chini ni nani, na anayeendelea kucheza mpira jioni kama kwamba hakuna lililotokea ni nani?

Aden, Salme alipokewa na mtu na mkewe, Wahispania aliowajua tangu Unguja. Huko, Desemba 1866, akajifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Heinrich. Mzazi wa kwanza, ugenini, bila mama wala dada wa kumkanda na kumpikia uji wa uzazi. Miezi ikapita akimngoja Ruete. Alifika Mei 1867, na tarehe 30 mwezi huo Salme akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa, yote siku moja. Kuiacha dini kulikuwa jambo ambalo wengi wa kwao hawakumsamehe kamwe, na ndilo lililomfungia mlango wa urithi. Kisha wakapanda meli kwenda Ulaya. Yule mtoto, ambaye kwa ajili yake safari nzima ilianza, alifariki njiani, huko Ufaransa. Hakuona mwaka mmoja.

Pengine unadhani kule Ulaya angalau alipumzika na macho ya watu. Wapi! Hamburg ilimtazama kwa namna nyingine. Sasa alikuwa kioja, binti wa Sultani kutoka Afrika, mtu wa kualikwa ili watu wamwone. Baridi ilimtesa na lugha ilimpiga chenga. Hata hivyo akajenga nyumba. Alizaa watoto watatu kati ya mwaka 1868 na 1870: Antonie, Said na Rosalie. Kitinda mimba akiwa bado wa kunyonya, Agosti 1870, Ruete aliteleza akishuka kwenye tramu ya farasi na akafariki kwa majeraha. Salme akabaki mjane wa miaka 25, na watoto watatu ambao mkubwa wao hakuwa ametimiza hata miaka mitatu.

Mwaka huo huo Majid alifariki na Barghash akawa Sultani, yule yule aliyemwandikia barua za njama akiwa na miaka 15. Salme alitumaini damu itakuwa nzito kuliko kinyongo. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, alifunga safari kumwona. Serikali ya Uingereza ikamsihi asijitokeze, ikamwahidi msaada kwa wanawe, na msaada ule hakuuona. Mwaka 1885 alifika Unguja pamoja na manowari za Ujerumani, ambayo ilikuwa na shida zake za kisiasa na Barghash na ikamtumia kama karata. Watu barabarani walimsalimia na kumfurahia. Kakake alikataa hata kumwona. Alirudi tena 1888, akaondoka mikono mitupu.

Riziki ilibidi itafutwe. Alihama mji hadi mji huko Ujerumani, akifundisha Kiarabu. Na ule mkono ulioanzia kwenye mfupa wa ngamia ukashika kalamu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kutoka kwa mwanamke wa Kiarabu. Humo kuna kila kitu: majumba, mavazi, vyakula, harusi, ugomvi wa ndugu, hata makosa yake mwenyewe katika njama ya 1859.

Kila kitu isipokuwa kimoja. Mimba haimo. Mtoto wa Aden hamo. Ukisoma kitabu chake utadhani alitoroka kwa ajili ya mapenzi tu, akaolewa, akasafiri. Mwanamke aliyejifundisha kuandika kwa kificho, aliyekiri hadharani kwamba alishiriki kupanga mapinduzi, alifika kwenye kaburi la mwanawe wa kwanza akainua kalamu. Miaka 20 ilikuwa imepita na alikuwa bara jingine, lakini bado aliogopa macho yale yale. Mimi hapo ndipo stori yake inaponishika. Hukumu ya watu haikuishia kumhamisha mwili. Ilimfuata hadi mezani pake, ikamwambia hili usiliandike.

Usimfanye malaika, hata hivyo. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa, na yeye mwenyewe alikuwa na watumwa mashambani. Kwa sababu hiyo mji wa Hamburg, uliowahi kuuita uwanja mmoja kwa jina lake, baadaye uliamua kuliondoa. Hilo ni jambo la haki kumuuliza. Lakini ona kinyume cha mambo: wakati wake, utumwa haukumfanya mtu yeyote wa daraja lake anong'one vibarazani. Tumbo ndilo lililonong'onwa. Watu wana mizani, ila si kila siku wanapima kitu sahihi.

Aliishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani, na akafariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Walizika majivu yake Hamburg, penye kaburi la mumewe. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho. Baadaye, katika jumba la makumbusho la masultani pale Forodhani, kilitengwa chumba kwa ajili yake. Mji uliomfukuza kwa macho ukaja kuwatoza watalii kiingilio wamwone.

Sasa turudi Mtopanga, tukae sote barazani.

Wewe mwenye tumbo, zama zako si zake. Huhitaji manowari. Tangu mwaka 1994 sera ya serikali ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na mwongozo wa mwaka 2020 ukaifafanua zaidi. Yeyote anayekwambia masomo yako yamekwisha, amekupa maoni yake, si sheria. Tena usiifiche mimba hadi ikudhuru. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito aonwe na mhudumu wa afya angalau mara 8, akianza ndani ya wiki 12 za kwanza. Kila wiki unayojificha ndani ya dera kuepuka macho ya jirani ni wiki ambayo hakuna anayekupima presha wala damu. Jirani hatakuwa nawe chumba cha kujifungulia. Mkunga atakuwa nawe, na anahitaji kukujua mapema.

Na wewe usiye na tumbo, ambaye unapita njia na kumwona: katika stori hii kuna mji mzima ulionong'ona, na majina yao yote yamepotea. Waliobaki ni wachache, yule mwanamke aliyepanga safari na ile familia ya Aden iliyompa kitanda. Hawakumtatulia maisha. Walimfungulia mlango tu, kwa siku alizouhitaji. Kumsindikiza mtu kliniki asubuhi moja ni mlango. Kumletea daftari na yaliyosomwa darasani ni mlango. Hata kumsalimia kama ulivyomsalimia mwaka jana, ukimtazama usoni na kuishia hapo, ni mlango.

Salme alikaa miaka 57 duniani baada ya mtoto yule, na kitabu chake hakikumtaja. Kama kuna msichana mtaani kwenu leo anayebeba siri kama ile, mpe nafasi ya kuisema angali yuko nyumbani.