Hadhrat Zaid bin Thabit r.a., Mwandishi wa Wahyi

Katika masahaba wa Seyidna Muhammad Mustafa s.a.w. yuko mmoja ambaye kila afunguaye Kurani Tukufu hunufaika kwa jasho lake, ijapokuwa wengi hawalijui jina lake. Huyo ni Hadhrat Zaid bin Thabit r.a., wa kabila la Khazraj, mwenyeji wa Madina.

Zaid alizaliwa yapata miaka 11 kabla ya Hijra. Alipokuwa na umri wa miaka sita baba yake aliuawa katika vita vya Buath, akakua yatima. Mtume s.a.w. alipohamia Madina mwaka 622, mtoto huyo aliletwa mbele yake, naye alikuwa amekwisha hifadhi sura 17. Alizisoma, na Mtume s.a.w. akapendezwa naye.

Waislamu walipotoka kwenda Badri mwaka 624, Zaid alitaka kwenda pamoja nao, lakini alirudishwa kwa sababu ya udogo wake. Mtoto mwingine angalivunjika moyo. Yeye, ambaye upanga ulikuwa bado haumfai, aliishika kalamu.

Siku hizo Mtume s.a.w. alikuwa akiandikiana na Mayahudi, wala hakutaka kutegemea wageni katika barua zake. Akamwamuru Zaid ajifunze maandishi yao. Hadithi zinaeleza kwamba aliyamudu katika muda usiotimia nusu mwezi. Kipaji hutoka kwa Mwenyezi Mungu, hilo halina shaka. Lakini kijana huyu alikuwa amekwisha uzoesha moyo wake kuhifadhi, akaelekeza nia yake yote kwenye jambo moja, na alichojifunza alikitumia papo hapo kwa kuandika barua na kusoma majibu yake.

Vivyo hivyo alipofanywa mwandishi wa wahyi. Mtume s.a.w. alimwita, akamsomea aya zilizoteremka, naye akaziandika. Kisha aliamriwa azisome alizoandika, na palipokuwa na upungufu palisahihishwa kabla hajaondoka. Kwa hiyo kila aya ilikuwa kwake somo na mtihani pia. Mtu aliyefundishwa hivi kwa miaka mingi hawezi kuchukulia herufi hata moja kuwa jambo dogo.

Matunda ya malezi hayo yalionekana baada ya kufariki Mtume s.a.w. Katika vita vya Yamama mahafidhi wengi waliuawa. Hadhrat Umar r.a. akamshauri Khalifa wa kwanza, Hadhrat Abubakar r.a., kwamba Kurani ikusanywe pamoja. Kazi hiyo akapewa Zaid, aliyekuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliiona nzito kuliko kuhamisha mlima. Yeye mwenyewe alikuwa ameihifadhi Kurani, na angaliweza kukaa na kuiandika kutoka kichwani. Lakini hakutosheka na hayo. Alitafuta aya zilizoandikwa juu ya ngozi, mifupa, mawe na makuti ya mitende, akazilinganisha na hifadhi ya watu, na kutaka ushahidi. Hapo ndugu zetu wanaochunguza Islam wanaweza kuona kwa uangalifu gani Kitabu hiki kilivyolindwa.

Katika zama za Hadhrat Uthman r.a., nakala zilipohitajiwa kwa ajili ya miji mbalimbali, Zaid aliitwa tena pamoja na Makureshi watatu. Vilevile alikuwa mjuzi mkubwa wa elimu ya mirathi, na Hadhrat Umar r.a. alipokwenda kuhiji alimwachia Madina. Wengi wanasema alifariki mwaka 45 Hijra.

Ndugu waliosilimu ukubwani mara nyingi hulalamika kwamba herufi za Kiarabu ni ngumu na ulimi umekwisha komaa. Maisha ya Hadhrat Zaid r.a. yawape moyo. Mtu asome mistari michache kila siku, amsomee mwalimu wake, akubali kusahihishwa bila kuona haya, na asivuke somo kabla hajalishika. Haba na haba hujaza kibaba. Pamoja na juhudi hiyo aombe dua, kwani jitihada bila dua huzaa kiburi, na dua bila jitihada ni kumfanyia Mwenyezi Mungu mzaha.

Mwenyezi Mungu atujaalie sote kukisoma Kitabu chake, kukifahamu na kukitenda. Amin.