Frantz Fanon: Tabibu aliyejifunza kutokana na jaribio lililofeli

MWISHONI mwa mwaka wa 1953, daktari mwenye umri wa miaka 28 aliwasili katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida-Joinville, karibu na jiji la Algiers nchini Algeria. Alikabidhiwa wanawake 165 wa Kizungu na wanaume 220 Waislamu. Makundi hayo mawili hayakulazwa pamoja, kwani hata wendawazimu walitengwa kwa asili na dini chini ya utawala wa Ufaransa.

Daktari huyo alikuwa Frantz Fanon. Wengi humfahamu kama mwandishi wa kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa na kuchapishwa jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Ni wachache wanaokumbuka kwamba riziki yake aliipata wodini, na kwamba sehemu kubwa ya fikra zake ilitokana na utafiti alioufanya miongoni mwa wagonjwa.

Fanon alizaliwa Julai 20, 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique kilichokuwa koloni la Ufaransa. Babaye alifanya kazi katika idara ya forodha, na mamaye alikuwa na duka. Akiwa kijana alitoroka kisiwani kwenda kupigana dhidi ya Ujerumani ya Hitler, akajeruhiwa mwaka wa 1944 na kutunukiwa nishani. Afisa aliyeidhinisha nishani hiyo, Raoul Salan, ndiye aliyekuja kuongoza majeshi ya Ufaransa nchini Algeria miaka zaidi ya kumi baadaye. Historia ina mizaha yake.

Baada ya vita alisomea udaktari mjini Lyon. Maandishi aliyotaka kuwasilisha kama tasnifu, kuhusu jinsi ubaguzi unavyomharibu mtu mweusi nafsi yake, hayakukubaliwa na chuo. Akaandika nyingine mwaka wa 1951, kuhusu matatizo ya akili yanayoambatana na ugonjwa mmoja wa kurithi wa neva. Ile iliyokataliwa ilitoka kama kitabu mwaka wa 1952.

Kisha akaenda Saint-Alban, hospitali iliyoko katika milima ya kusini mwa Ufaransa, kufanya kazi chini ya François Tosquelles, mkimbizi kutoka Catalonia. Tosquelles aliamini kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa, na kwamba haiwezi kumponya yeyote kabla ya kuponywa kwanza. Wagonjwa wake walifanya mikutano, walichapa gazeti na kushiriki kazi za kila siku pamoja na wauguzi. Fanon aliyabeba mafunzo hayo hadi Algeria.

Huko Blida, mbinu hizo zilifaulu upesi katika wodi ya wanawake wa Kizungu. Sherehe, filamu, ushonaji na gazeti la hospitali viliirejesha sauti ya binadamu mahali palipokuwa kimya. Lakini katika wodi ya wanaume Waislamu mambo yalikwama. Miezi ikapita, mikutano ikawa ya kupoteza wakati, na wagonjwa wakakaa kama walivyokuwa wamekaa awali.

Kwa daktari mwingine wa enzi hiyo, jibu lilikuwa tayari. Antoine Porot na wenzake wa Algiers walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba Mwarabu ana akili pungufu kwa maumbile. Jaribio la Fanon lingehesabiwa kuwa ushahidi mmoja zaidi.

Fanon, akishirikiana na Jacques Azoulay, daktari mwanafunzi aliyekuwa chini yake, aliamua kulichunguza jaribio lenyewe badala ya kuwalaumu wagonjwa. Wakagundua kosa lilikuwa lao. Wengi wa wanaume hao walikuwa wakulima wasiojua kusoma. Gazeti lingewafaa nini? Sherehe walizoandaliwa hazikuwa na uhusiano wowote na sikukuu walizozijua. Madaktari hawakufahamu lugha yao, hivyo kila neno lilipitia kwa mkalimani, na mkalimani huyo kwao alifanana na yule wa mahakamani au wa polisi. Ikafunguliwa mikahawa ya kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, pakatengwa mahali pa kuswalia, na msimulizi wa hadithi akaalikwa. Wagonjwa wakaanza kujitokeza.

Matokeo hayo, pamoja na kukiri kosa, yalichapishwa mwaka wa 1954 katika jarida la kitaalamu la Ufaransa. Si jambo dogo mtafiti kutangaza kushindwa kwake mbele ya wenzake, hasa mtafiti mweusi ugenini.

Mwaka wa 1956, yeye na Charles Geronimi walitoa ripoti nyingine kuhusu kipimo cha akili ambacho mgonjwa huonyeshwa picha na kutakiwa kuzitungia hadithi. Wanawake Waislamu walishindwa kusimulia, kwani picha zilionyesha maisha ya Kizungu wasiyoyajua. Walipopewa kadi tupu isiyo na picha, hadithi zikamiminika.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuyazingatia haya. Katika hospitali ya Mathari jijini Nairobi, J.C. Carothers, daktari Mwingereza aliyeingia kazini humo mwaka wa 1938 bila mafunzo ya tiba ya akili, alikuja kufikia hitimisho kinyume. Kitabu chake cha mwaka wa 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kilimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, iliyoeleza uasi huo kama tatizo la kisaikolojia, huku mashamba yaliyonyakuliwa yakipewa uzito mdogo. Fanon alimshambulia Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho.

Hata hivyo, Fanon hakuwa malaika. Alitumia mishtuko ya umeme na tiba ya insulini kama madaktari wengine wa wakati wake, na aliziona kuwa tiba halali.

Vita vya ukombozi vilipoanza Novemba 1954, wodi ilipata wageni wapya. Aliwatibu wapiganaji walioteswa, na pia polisi waliowatesa. Mmoja wao, inspekta, alikuwa ameanza kuwapiga mke na watoto wake nyumbani. Alitaka asaidiwe kuendelea kutesa kazini bila kusumbuka. Je, daktari amponye mtu wa namna hiyo ili arudi kwenye kazi ipi? Mwishoni mwa mwaka wa 1956 Fanon aliandika barua ya kujiuzulu, na Januari 1957 akafukuzwa nchini.

Alihamia Tunis, akajiunga na wapigania uhuru bila kuiacha tiba. Katika hospitali ya Charles-Nicolle alianzisha kituo cha kutwa, ambapo mgonjwa alifika asubuhi na kurudi kwao jioni, ili asing'olewe katika familia na majirani zake. Mwaka wa 1959 alichapisha tathmini ya kituo hicho, akieleza manufaa yake na pia mipaka yake.

Mwaka wa 1960 aliteuliwa kuwa balozi wa serikali ya muda ya Algeria mjini Accra. Kabla mwaka haujaisha aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, kisha katika miezi michache ya mwaka wa 1961 akaharakisha kukikamilisha kitabu ambacho sura yake ya mwisho imejaa visa vya wagonjwa wake.

Alifariki Desemba 6, 1961 huko Bethesda nchini Marekani, akiwa na umri wa miaka 36, hospitalini akiwa ameandikishwa kwa jina la Ibrahim. Mwili wake ulivushwa mpaka kutoka Tunisia na kuzikwa katika ardhi ya Algeria, miezi saba kabla ya nchi hiyo kupata uhuru. Hospitali ya Blida sasa inaitwa kwa jina lake.