Odhiambo: Msomi aliyempa mdudu hadhi ya kisayansi

Katika mashamba ya mahindi ya Embu na Meru, mdudu amezoeleka kuwa adui tu: kiwavi hutoboa bua, mkulima naye hutafuta dawa. Marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo alitumia maisha yake kuonyesha kuwa mtazamo huo hautoshi. Kwake, mdudu sharti kwanza afahamike jinsi anavyohisi, anavyozaana na anavyoishi.

Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931, akasoma Maseno na Makerere, kisha akaelekea Cambridge, Uingereza. Huko aliongozwa na Vincent Wigglesworth, bingwa wa fiziolojia ya wadudu, na kuhitimu shahada ya uzamifu mwaka 1965.

Aliporejea Nairobi kufundisha, alishikilia kuwa Afrika haiwezi kuendelea ikiwa utafiti wake utaachiwa wageni. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, akakiongoza hadi 1994. Makao yake makuu Kasarani huitwa Duduville, jina lililotokana na neno la Kiswahili dudu. Aidha, mwaka 1985 aliasisi Akademia ya Sayansi ya Afrika.

Mbegu aliyopanda ilizaa. Katika miaka ya 1990, ICIPE na kituo cha Rothamsted cha Uingereza vilibuni kilimo cha sukuma-vuta. Desimodiamu iliyopandwa kati ya mahindi humfukuza nondo kwa harufu, nayo nyasi ya nepia iliyo kandokando humvuta akatage huko. Nondo huzitambua harufu hizo kwa papasi, vile viungo viwili vya kichwani ambavyo wadudu hutumia kunusa na kugusa.

Viungo hivyo sasa vinawavutia pia wahandisi. Mende hukimbia gizani akiupapasa ukuta. Nchini Marekani, papasi zake zimeigwa kuundia roboti vihisio vya mguso. Vinywele vya mwili wa wadudu navyo vinachunguzwa kwa matumaini kwamba siku moja mkono wa bandia utaweza kuhisi unachokishika.

Odhiambo, aliyefariki Mei 2003 akiwa na umri wa miaka 72, hakuunda roboti. Hata hivyo, hoja yake ingali hai kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Embu na Meru: ama watayachimbua wenyewe maarifa yaliyo katika mdudu wa shambani mwao, ama watayanunua kutoka ng'ambo.